UZI: Sireni aliyeua mabaharia kwa wimbo, ilikuwaje akawa mwombolezaji juu ya makaburi ya Wagiriki?

Mkazi wa Kypseli (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu nimeukalia muda mrefu, na ni mrefu kweli, kwa hiyo mwenye haraka aurudie usiku. Leo sina zamu, nimekaa, nashusha.

Naishi Athens, huu mwaka wa tisa. Ukishuka kituo cha treni cha Thissio ukafuata barabara ya Ermou kuelekea magharibi, mkono wako wa kulia kuna uzio, na ndani yake kuna makaburi ya kale ya Kerameikos. Watu wa Athens walizika hapo kwa zaidi ya miaka elfu moja. Kijito cha Eridanos bado kinapita katikati, na kobe wanatambaa kwenye majani kati ya mawe kama wenye nyumba. Mwaka wa kwanza nilikuwa napita tu. Mwaka wa pili nikaingia.

Lakini kilichonishika nilikikuta baadaye, kwenye Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia, barabara ya Patission. Ni sanamu ya marumaru iliyotoka Kerameikos hiyohiyo, ya takriban 370 KK. Kuanzia kichwani hadi nyonga ni mwanamke kijana. Kushuka chini ni ndege: mapaja ya manyoya, miguu mikavu, kucha. Mgongoni ana mabawa, nyuma ana mkia. Mkono wa kushoto ameshika kinubi cha gamba la kobe. Huyo ndiye Sireni.

Wako wengi wa namna yake, hasa wa karne ya 4 KK. Wengine ni sanamu kamili zilizosimama kwenye kiwanja cha kaburi, wengine wamechongwa kileleni mwa jiwe lenyewe, juu kabisa. Na si wote wana kinubi. Wapo ambao mkono mmoja unavuta nywele na mwingine unapiga kifua.

Sasa fikirini. Sireni ni zimwi. Katika Odyssey, utenzi wa kale wa Homer, mchawi Circe anamwonya shujaa Odysseus kwamba Masireni wanakaa kwenye uwanda wa majani, na pembeni yao kuna rundo la mifupa ya wanaume wanaooza. Atakayesikia sauti yao harudi nyumbani tena. Mkewe na watoto wake hawatampokea mlangoni. Ndiyo maana Odysseus aliwaziba wenzake masikio kwa nta, yeye mwenyewe akafungwa kamba kwenye mlingoti.

Mzazi aliyefiwa na mtoto anatoa fedha, anamwita fundi, anamwambia: nichongee huyo, umweke juu ya mwanangu. Kwa nini?

Mimi nasema hakuwekwa pale kutisha. Aliwekwa alie, na alilia kwa namna ambayo wanawake wa Athens walikuwa wamekatazwa na sheria. Nitafika huko, ila naomba twende taratibu.

Nahodha Mstaafu

Mkuu, hapo kwenye ndege umenipoteza. Mimi maisha yangu yote Sireni najua ni nguva, nusu mwanamke nusu samaki.

Mkazi wa Kypseli

Mzee shikamoo. Hilo swali nililitegemea, na kosa si lako.

Homer hasemi hata mara moja Sireni ana umbo gani. Anatuambia wako wawili, anatupa wimbo wao, basi. Waliompa umbo ni mafundi wa vyungu na wachongaji, na kwao ni ndege siku zote. Pale British Museum kuna chungu cha takriban 480 KK kilichofukuliwa Vulci, Italia: Odysseus kafungwa mlingotini, kidevu juu, na Sireni mmoja anajitupa kutoka mwambani kichwa chini, mabawa wazi. Mkia wa samaki ulikuja baadaye sana. Unaonekana kwenye kitabu cha Kilatini cha mazimwi cha karne ya 7 au ya 8 BK, na baada ya hapo, taratibu, Ulaya ikamsahau ndege.

Halafu mwaka 1811 Mjerumani Illiger, alipokuwa anapanga makundi ya wanyama, akaliita kundi la nguva Sirenia. Kwa hiyo nguva wetu wa Rufiji na Lamu anabeba jina la ndege wa makaburini bila yeye kujua. Hata king'ora cha gari la wagonjwa, kile Wazungu wanachokiita kwa jina hilohilo, kilibatizwa na Mfaransa Cagniard de la Tour mwaka 1819.

Kwa uzi huu, Mzee, naomba mkia wa samaki tuuache baharini.

Mama Wawili

Mimi nauliza, kwa nini ndege? Kwa nini si simba au nyoka?

Mkazi wa Kypseli

Dada, hapa wataalamu wamebishana zaidi ya miaka mia. Mwaka 1902 Mjerumani Georg Weicker aliandika kwamba Sireni asili yake ni roho ya marehemu iliyogeuka ndege. Misri walikuwa na picha kama hiyo, ba, ndege mwenye kichwa cha mtu, anayetoka na kurudi kwenye mwili wa marehemu. Wagiriki waliijua Misri, kwa hiyo wazo halikuanguka kutoka hewani.

Mimi Weicker hanitoshi. Sireni wa mwanzo kabisa katika sanaa ya Ugiriki, karne ya 8 na ya 7 KK, ni mapambo ya mashariki: wanakaa kwenye ukingo wa masufuria makubwa ya shaba, wanajipanga kwenye vyungu vya Korintho, na baadhi yao wana ndevu. Ndiyo, Sireni dume. Hao hawalii, hawaimbi, hawana uhusiano wowote na msiba ninaouona mimi. Ukisema "ni roho" hujaeleza kwa nini baada ya miaka mia tatu kichwa cha mtu kinashuka mpaka kinakuwa kiwiliwili kizima cha mwanamke, na kwa nini anaota mikono.

Hiyo mikono ndiyo habari yenyewe. Ndege mwenye kichwa cha mtu hawezi kuvuta nywele. Hawezi kujipiga kifua. Fundi alimpa mikono kwa sababu kulikuwa na kazi ya kufanya.

Mpenda Historia

Tunakusikiliza mkuu. Twende kwenye sheria.

Mkazi wa Kypseli

Haya. Solon alikuwa kiongozi mkuu wa Athens mwaka 594 KK, na sheria zake zilishuka mpaka kwenye mazishi. Mwandishi wa kale Plutarch anatuwekea orodha: marufuku mwombolezaji kujikwaruza ngozi, marufuku mbolezi (nyimbo za kuomboleza) zilizotungwa, marufuku kumlilia mtu mwingine kwenye mazishi ya mtu. Hilo la mwisho linanigusa sana, kwa sababu kila aliyewahi kukaa msibani anajua kwamba ukianza kumlilia huyu, unamalizia na wako.

Kwenye hotuba moja iliyohifadhiwa pamoja na za Demosthenes, msemaji maarufu wa Athens, sheria inasomwa mbele ya mahakama. Maiti ilazwe ndani. Kesho yake itolewe kabla jua halijachomoza. Wanaume mbele, wanawake nyuma. Mwanamke wa chini ya miaka 60 asiingie alimolazwa maiti wala asifuate jeneza, ila awe ndugu wa karibu.

Kuna michoro ya vyungu ya kabla ya hapo inaonyesha jinsi msiba ulivyokuwa: safu ya wanawake, mikono kichwani, nywele zimeshikwa, mmoja anaongoza mbolezi na wengine wanaitikia. Hiyo ndiyo kazi iliyobanwa na sheria.

Sasa rudini kumtazama Sireni wa kaburini. Mkono kwenye nywele, mkono kifuani, mdomo wa mwimbaji, mwanamke kijana asiye ndugu wa marehemu. Kila kilichokatazwa yeye anakifanya, hadharani, kando ya barabara kuu ya kuingilia mjini, mchana na usiku. Nani atamkamata? Ni jiwe.

Mpenda Historia

Naomba nikupinge kidogo kwa heshima. Solon ni 594. Masireni wako ni wa 400 kushuka chini. Kuna pengo la karne mbili. Sheria ya babu wa babu inamhusu nini mchongaji?

Mkazi wa Kypseli

Pingamizi zuri, mkuu, na nimelala nalo siku nyingi.

Kwanza, ile hotuba ni ya karne ya 4 KK. Sheria inasomwa kama sheria hai, mahakimu wanaisikiliza. Haikuwa imekufa.

Pili, katikati ya pengo lako kuna pengo jingine. Kuanzia takriban 500 KK, mawe ya makaburi ya watu binafsi yenye sanamu yanatoweka Athens. Cicero, mwandishi wa Kirumi, anataja sheria iliyokuja muda fulani baada ya Solon, kwamba kaburi lisiwe na kazi kubwa kuliko ile ambayo watu 10 wanaweza kuimaliza kwa siku tatu. Mawe yenye sanamu yanarudi karibu na 430 KK. Ujenzi wa hekalu la Parthenon ulimalizika 432 KK, mji umejaa wachongaji hodari wasio na ajira, na 430 tauni ikaingia na vita vinaendelea. Watu wanakufa na mafundi wapo.

Tatu, 412 KK mtunzi wa tamthilia Euripides anaonyesha mchezo wake wa Helen, yule malkia wa vita vya Troy. Helen yuko Misri, mbali na kwao, amefikwa na habari za maafa, na anapotaka kuanza kilio chake hana wa kumwitikia. Anawaita nani? Masireni. Anawaita wasichana wenye mabawa, mabinti wa Dunia, waje na zumari na vinubi vyao walie pamoja naye, machozi kwa machozi. Mwanamke aliyebaki peke yake na msiba anaomba waitikiaji wa mbolezi, na wanaokuja akilini ni hao. Baada ya hapo ndipo tunaanza kuwaona juu ya makaburi.

Kaburi la Dexileos pale Kerameikos ni mfano wa mapema. Kijana mpanda farasi, aliuawa vitani Korintho mwaka 394 KK akiwa na miaka 20 hivi. Jiwe lake, jambo la nadra sana, linataja mwaka wa kuzaliwa na wa kufa. Yeye kachongwa juu ya farasi anamchoma adui. Na kwenye ncha mbili za ukuta wa kiwanja chake palikaa Masireni. Picha ya katikati inasema ushujaa. Kilio kimepewa wale wa pembeni.

Kipanga

Duh. Uzi wa moto huu. Ila mkuu ushahidi wa moja kwa moja kwamba Sireni = mwombolezaji upo? Au ni tafsiri yako tu?

Mkazi wa Kypseli

Hilo la kwamba anafanya kile ambacho wanawake walikatazwa ni usomaji wangu, nalisimamia. Kwamba ni mwombolezaji, huo ushahidi ni wa wazi.

Mwaka 324 KK Hephaestion, rafiki mpenzi wa Alexander Mkuu, alikufa. Alexander akaamuru mnara wa kuchomea maiti Babylon. Mwanahistoria Diodorus anaueleza tabaka kwa tabaka: merikebu, mienge, simba na fahali, silaha. Juu kabisa, zaidi ya dhiraa 130 kutoka ardhini, walisimama Masireni waliochongwa wakiwa na uwazi ndani. Ndani ya matumbo yao wakajificha watu, na watu hao wakaimba mbolezi ya marehemu.

Ukitaka kujua sanamu ya Sireni ilikuwa inafanya nini, hapo pameingizwa sauti ndani yake na sauti ni ya kilio.

Mja wa Mola

Ndugu, nakusoma kwa makini lakini naona kama unalipamba zimwi. Hawa si walikuwa wanaabudu mapepo? Kuweka dubwana kaburini ni ushirikina.

Mkazi wa Kypseli

Ndugu yangu, sikushawishi uamini walichoamini. Nataka tu tuwaelewe. Hakuna aliyemwabudu Sireni wa kaburini. Yeye ni mtumishi. Kwa mapokeo mengine ya Kigiriki, Masireni walikuwa wasichana wenzake Persephone kabla hajatwaliwa na Hades, mungu wa wafu, kwenda kuzimu. Mshairi Apollonius analitaja hilo kwenye hadithi ya merikebu ya Argo. Kwa hiyo wao wenyewe ni wafiwa. Walimpoteza mwenzao, wanajua njia aliyopita.

Na mwanafalsafa Plato, ambaye shule yake ilikuwa nje ya mji kwenye barabara iliyotoka lango la Dipylon na kupita katikati ya makaburi haya haya, anawataja mara mbili kwa namna ambayo huwezi kuitarajia. Mahali pamoja Socrates, mwalimu wake, anasema kuzimu hakuna anayetaka kurudi, hata Masireni wamenasa huko, kwa uzuri wa maneno ya Hades. Mahali pengine anapochora mbingu zinavyozunguka, juu ya kila duara amemkalisha Sireni mmoja anayetoa sauti moja, na sauti zote nane zinakuwa wimbo mmoja. Nikitoka kazini jioni napita kando ya lango hilo na siwezi kuacha kumfikiria akipita na wanafunzi wake, mawe yakiwa bado yamesimama, yamepakwa rangi.

Tena kuwa na Sireni kaburini kuliweza kuwa sifa. Isocrates, mwalimu wa ufasaha, alikufa 338 KK akiwa na umri wa miaka 98. Juu ya kaburi lake iliwekwa nguzo ya dhiraa 30, na juu ya nguzo Sireni wa dhiraa 7. Pausanias, msafiri wa kale, anasimulia kwamba Sophocles, mtunzi wa tamthilia, alipokufa, wakati jeshi la Sparta limeingia Attica, nchi inayoizunguka Athens, kamanda wao aliota mungu Dionysus anamwambia ampe heshima za wafu Sireni mpya. Akaelewa ni Sophocles.

Mama Wawili

Hapo kwenye sifa umenifungua macho. Maana mbolezi nayo ni sifa. Unamlilia mtu kwa kumtaja alivyokuwa.

Mkazi wa Kypseli

Dada, umeniwahi, hilo ndilo nililotaka kuliandika leo.

Tusome Masireni wanamwimbia nini Odysseus. Watu wengi wanadhani ni wimbo wa mapenzi. Hapana. Wanamwita kwa sifa zake: Odysseus mwenye kusifiwa sana, fahari kuu ya Waakaya, yaani Wagiriki. Wanamwambia wanayajua yote waliyoteseka Wagiriki na Watroia pale Troy, na yote yanayotukia juu ya ardhi. Jina la sifa, vita alivyopigana, taabu alizopata. Hivyo ndivyo marehemu anavyosemwa. Odysseus alikuwa anasikia mbolezi yake mwenyewe angali hai, na upepo umetulia, bahari kimya. Ndiyo maana ilikuwa tamu na ndiyo maana ilikuwa inaua. Mpe wimbo huohuo mtu aliyekwisha kufa, haumdhuru tena. Unabaki utamu wake.

Kwangu mimi zimwi halikubadilika tabia. Lilipelekwa mahali ambapo wimbo wake ni halali.

Kipanga

Na wale Sfinksi, simba wenye mabawa na kichwa cha mwanamke? Nimeona picha za makaburi ya Ugiriki yenye Sfinksi juu.

Mkazi wa Kypseli

Hao ni wa zamani zaidi, wa karne ya 6 KK. New York, Metropolitan Museum, kuna jiwe la Attica la takriban 530 KK lenye urefu wa mita 4.23: kijana na msichana mdogo wamechongwa kwenye jiwe, na juu kabisa amekaa Sfinksi. Kazi yake ni nyingine. Huko Thessaly kuna maandishi ya kaburi ya karne ya 5 KK yanayomwita Sfinksi mbwa wa Hades, yanamuuliza anamlinda nani hapo alipoketi. Mlinzi, basi. Hageuki kumtazama marehemu.

Nahodha Mstaafu

Kijana, nimesoma yote. Hebu tuambie, wewe mtu wa meli na maghala, hili lilikuingiaje?

Mkazi wa Kypseli

Mzee, nitasema.

Mama yangu alifariki mwezi wa pili, mwaka wangu wa tatu hapa. Karatasi zangu zilikuwa hazijakaa sawa, nisingeweza kutoka nikarudi. Walizika nikiwa nasikiliza kwenye simu. Nilisikia wanawake wakilia, mtandao ukakatika, ukarudi, wakawa wamefika kwenye udongo. Hapa nilipokuwa nimepanga sikuweza hata kupaza sauti, kuta nyembamba, jirani ana mtoto.

Jumapili iliyofuata niliingia makumbusho ya Patission kwa sababu ilikuwa baridi. Nikakuta hao Masireni. Nilisimama mbele ya yule anayevuta nywele mpaka mlinzi akaja kuniangalia. Nilikuwa sijui jina lake, sijui ni zimwi. Niliona mtu analia kwa mikono yote miwili na hakuna anayemwambia nyamaza.

Nahodha Mstaafu

Pole sana mwanangu. Mungu amrehemu.

Mama Wawili

Pole kaka. 😢

Mpenda Historia

Pole mkuu. Ukipata nafasi tumalizie: waliishia wapi?

Mkazi wa Kypseli

Asanteni sana wote.

Waliishia kwenye sheria nyingine. Mwaka 317 KK Demetrius wa Phaleron alishika Athens kwa niaba ya Wamakedonia na kupiga marufuku makaburi ya fahari. Cicero ametuhifadhia kipimo: juu ya udongo ruhusa ni nguzo fupi isiyozidi dhiraa tatu, au meza, au beseni la mawe. Hakuna sanamu. Wachongaji wakakosa kazi. Nguzo hizo zimejaa Kerameikos mpaka leo, fupi, za mviringo, kama mashina ya migomba iliyokatwa. Jina, jina la baba, kijiji. Nje ya Athens Sireni aliendelea kuonekana. Wa udongo wa kuchoma kutoka Canosa, kusini mwa Italia, wanalia vizuri sana.

Ila kuna mmoja ninayempenda kuliko wote na hana sanamu. Erinna, mshairi wa kike wa karne ya 4 KK, alikuwa na rafiki aliyeitwa Baukis, aliyekufa angali bibi harusi. Erinna akamtungia maneno ya kaburini. Anayezungumza ni Baukis mwenyewe. Anayaita mawe yake, anawaita Masireni wake, anakiita chungu cha huzuni chenye majivu yake machache. Anawatuma wamsalimie kila apitaye hapo, awe mwenyeji au mgeni wa mji mwingine. Waseme kwamba kaburi limemchukua akiwa bibi harusi. Waseme kwamba baba yake alimwita Baukis, kwamba kwao ni Tenos, ili watu wajue. Na waseme pia kwamba maneno haya yaliyochorwa juu ya kaburi, ameyachora rafiki yake Erinna.